Mfagizi Aliye Mfagizi Kweli

Iko hadithi moja ambayo imetumwa na kutumwa tena kwenye simu zetu mpaka karibu kila mtu anaijua. Kijana aliyevaa suti anafika asubuhi kwenye ofisi alikoitwa kwa usaili wa kazi, anamkuta mzee aliyeshika fagio mlangoni, anamfokea kwa sababu vumbi limegusa viatu vyake, kisha anaingia ndani na kuketi akisubiri zamu yake. Mlango wa chumba cha usaili unapofunguliwa, aliyeketi kwenye kiti cha mkurugenzi ni mzee yuleyule wa fagio. Kijana anaikosa kazi, na msomaji anafurahi kuona kiburi kimepata malipo yake. Hadithi hii ina ndugu zake wengi: ombaomba ambaye kumbe ni tajiri, mama mwenye nguo zilizochakaa ambaye kumbe ndiye mwenye jengo, dereva ambaye kumbe ni profesa.

Sina shaka kwamba wanaoisambaza wana nia njema. Hata hivyo, kila ninapoufikia mwisho wake hubaki na swali ambalo hadithi yenyewe hailigusi: je, kama mzee yule angekuwa mfagizi kweli? Tuseme hana kiti kinachomngoja ndani wala cheo alichokificha, ameamka kabla ya alfajiri, ameshika fagio lake, amefokewa na mpita njia, na saa sita mchana bado yuko palepale anafagia. Kosa la kijana lingekuwa dogo zaidi? Kwa jinsi hadithi ilivyosukwa, kosa lake ni kushindwa kumtambua mkubwa, wala si kumdhalilisha binadamu mwenzake, na adhabu inamfikia kwa sababu tu aliyemkosea alikuwa na uwezo wa kumwadhibu. Anayejifunza kutokana nayo anajifunza tahadhari. Atamsalimu mfagizi kwa kuwa huenda si mfagizi, na siku atakapojua kwa hakika kwamba huyu ni mfagizi na si mwingine, sababu yake ya kumsalimu itakuwa imekwisha.

Mtu ninayetaka kuandika habari zake ni huyo mfagizi aliye mfagizi kweli, pamoja na mlinzi wa getini, mpishi, mzoa taka, dobi, kuli, mfanyakazi wa nyumbani, na kila mtu ambaye mavazi yake ya kazi yanatufanya tuamini kwamba tumekwisha kumjua.

Methali zetu nyingi juu ya jambo hili nazo zinaelekea upande wa tahadhari. Tunaambiwa tusitukane wakunga na uzazi ungalipo, na kwamba mdharau mwiba mguu huota tende. Ni maneno ya kweli, na yamewaokoa wengi na aibu, lakini yote mawili yanamtaka msikilizaji afikirie faida na hasara yake mwenyewe: mkunga utamhitaji kesho, mwiba utakuchoma. Wahenga haohao walituachia kauli nyingine fupi ambayo naipenda zaidi, kwamba heshima si utumwa. Hiyo haimtishi mtu wala haimwahidi chochote. Inamwondolea tu hofu kwamba akimwinamia mwenzake atapungukiwa na kitu.

Maisha ya Hamilton Naki wa Afrika Kusini yanaonyesha jinsi tunavyopata shida kumheshimu mtu kwa jinsi alivyo. Naki aliajiriwa na Chuo Kikuu cha Cape Town kama mtunza bustani. Katika miaka ya 1950 aliitwa kusaidia katika maabara ambamo upasuaji ulifanywa kwa wanyama, na kwa miaka mingi ya kutazama, kushika na kurudia alipata ustadi wa hali ya juu, hata akawa anawafundisha madaktari waliokuwa mafunzoni namna ya kupandikiza viungo. Sheria na desturi za ubaguzi wa rangi hazikumpa mtu mweusi wa aina yake, asiye na elimu ya chuo, njia yoyote ya kuitwa mpasuaji, na alipostaafu mwaka 1991 alilipwa pensheni ya mtunza bustani. Chuo kilimtunuku shahada ya heshima mwaka 2003. Alipofariki mwaka 2005, magazeti makubwa ya dunia yaliandika kwamba alikuwamo katika chumba cha upasuaji siku ya tarehe 3 Desemba 1967, wakati Christiaan Barnard alipofanya upandikizaji wa kwanza wa moyo wa binadamu. Habari hiyo haikuwa ya kweli, na baadhi ya magazeti hayo yalilazimika kuisahihisha.

Kwa nini uongo ule uliaminika upesi hivyo? Nadhani ni kwa sababu ulifuata mkondo wa hadithi tunayoipenda, ile ya mtunza bustani ambaye kumbe ni mtu mwingine kabisa. Kazi aliyoifanya Naki kweli ilitosha kumpa mtu yeyote heshima ya daima, lakini ilionekana ndogo mpaka iongezewe siku moja mashuhuri ambayo hakuwamo. Na mimi huwawaza pia wenzake wa siku zile, wale waliobaki nje wakikata nyasi na kumwagilia maua mpaka wakastaafu, ambao hakuna aliyewahi kuwaita maabara. Ikiwa Naki alistahili heshima kuanzia siku aliyoshika kisu cha upasuaji, basi wao hawakuwahi kuistahili. Mimi siwezi kukubali hesabu hiyo, na sidhani kama kuna msomaji anayeweza kuikubali akitulia na kuifikiria.

Dharau nyingi hujengwa juu ya imani kwamba kazi fulani haihitaji akili, na imani hiyo huishi vizuri kwa sababu wanaoishika hawajawahi kuitazama kazi yenyewe. Chukua usafi wa wodi ya hospitali. Mfanya usafi aliyefundwa vizuri huanza na sehemu zilizo safi na kumalizia na zilizo chafu, hutoka juu kwenda chini, na kamwe hapeleki kitambaa cha chooni kwenye meza ya mgonjwa. Ndiyo maana hospitali nyingi hutenga vitambaa na ndoo kwa rangi. Anajua kwamba dawa ya kuua vijidudu haifanyi kazi papo hapo, bali kitu kilichopakwa lazima kibaki na unyevu wa dawa kwa muda ulioandikwa kwenye chupa, na kwamba anayepangusa na kukausha kwa haraka ameondoa vumbi na kuviacha vijidudu. Anajua kwamba dawa ya klorini haichanganywi na dawa ya tindikali ya kusafishia choo, kwa kuwa mchanganyiko huo hutoa gesi inayoweza kuunguza mapafu. Yuko bakteria wa kuharisha aitwaye Clostridioides difficile, ambaye hujifungia ndani ya vijimbegu vigumu vinavyoweza kukaa miezi kwenye kingo za kitanda na vitasa vya milango, na ambavyo vitakasa mikono vya alkoholi haviviui. Hapo daktari bingwa, pamoja na dawa zake zote, anamtegemea anayesugua kitanda. Ukiona vyaelea, vimeundwa.

Mwaka 2001 watafiti wawili wa Marekani, Amy Wrzesniewski na Jane Dutton, walichapisha makala ambayo, pamoja na mambo mengine, ilieleza habari za wafanya usafi wa hospitali. Baadhi ya wafanyakazi hao waliiona kazi yao kuwa ni kusafisha basi, wakajiepusha na watu. Wengine, wenye kazi ileile katika hospitali ileile, waliiona kuwa ni sehemu ya kumponya mgonjwa: walipanga kazi zao kwa kufuata shughuli za wodi, walizungumza na wagonjwa, na waliwaonyesha wageni njia. Kinachonigusa katika maelezo hayo ni kwamba hakuna aliyewaagiza kufanya hivyo, wala hakikuwa kitu cha kuongezewa mshahara. Walikuwa wamekwisha kuipa kazi yao uzito wake kabla mtafiti hajafika na daftari, na wangeendelea kuupa hata asingefika mtu. Hii inaondoa wazo lililozoeleka kwamba sisi wapita njia ndio tunaompa mfanyakazi hadhi yake kwa salamu zetu. Hadhi anayo. Swali lililobaki ni kama sisi tutaikanyaga au hatutaikanyaga.

Wako waliowahi kulijibu swali hilo hadharani, na kwa gharama kubwa. Mjini Memphis, Marekani, tarehe 1 Februari 1968, wazoa taka wawili, Echol Cole na Robert Walker, walijikinga mvua nyuma ya lori la taka, na mtambo wa kushindilia taka ukajiwasha na kuwaua. Tarehe 12 Februari wafanyakazi wapatao 1,300 wa idara hiyo, karibu wote watu weusi, waligoma. Walikuwa na madai yanayohesabika, yaani mishahara, usalama kazini na kutambuliwa kwa chama chao, lakini bango lao mashuhuri walilolibeba barabarani halikutaja hata dai moja kati ya hayo. Lilisema tu kwamba aliyelibeba ni mwanamume, mtu mzima. Watu wenye wake na watoto, wengine wenye mvi, walikuwa wamezoeleka kuitwa kama wavulana, na ndicho walichoona kinahitaji kuandikwa kwa herufi kubwa kuliko mshahara. Martin Luther King alifika kuwaunga mkono, na katika hotuba yake ya tarehe 18 Machi alisema kwamba kila kazi ina hadhi, na kwamba mzoa taka ana umuhimu sawa na daktari, kwa sababu asipofanya kazi yake maradhi yatazagaa. Aliuawa mjini humo tarehe 4 Aprili. Mgomo ulikwisha tarehe 16 Aprili, baada ya jiji kukubali kukitambua chama chao na kuwaongezea malipo.

Namheshimu sana King, na hoja yake ya maradhi ni ya kweli. Hata hivyo naona bango la wagomaji lilikwenda mbali kuliko hotuba. Hotuba ilisema wazoa taka wanastahili heshima kwa kuwa tunawahitaji. Bango lilisema wanastahili kwa kuwa ni watu, likanyamaza. Tofauti hiyo si ndogo. Mwaka 2020, UVIKO-19 ulipoifunga miji, serikali nyingi zilitaja orodha ya wafanyakazi wasioweza kukosekana, na katika orodha hizo, pamoja na madaktari na wauguzi, walikuwamo wafanya usafi, madereva, wauza vyakula na wazoa taka. Nchini Uingereza watu walisimama milangoni na madirishani kila Alhamisi jioni, kwa wiki 10, wakawapigia makofi wahudumu wa afya na wengine waliokuwa kazini. Makofi yale yalitoka moyoni, nami sitaki kuyadharau. Lakini heshima inayotokana na hofu yetu hupungua hofu inapopungua, na ndivyo ilivyokuwa. Tena, ikiwa manufaa ndiyo kipimo, tutamfanya nini mtu aliyeachishwa kazi, aliyezeeka, anayeuza kitu ambacho hakuna anayekihitaji, au ambaye kazi yake imechukuliwa na mashine? Tamko la Kimataifa la Haki za Binadamu la mwaka 1948 halikutumia kipimo hicho. Ibara yake ya kwanza, katika tafsiri yake ya Kiswahili, inasema: "Watu wote wamezaliwa huru, hadhi na haki zao ni sawa." Inaendelea kusema kwamba yapasa watendeane kindugu, na hakuna mahali inapouliza nani anafanya kazi gani.

Sasa niseme juu ya dharau yenyewe, kwa sababu mara nyingi tunaitafuta mahali ambapo haipo. Tunadhani ni matusi na kufokeana, na kwa kuwa wengi wetu hatutukani watu, tunajiona tumesalimika. Dharau niliyoiona mara nyingi zaidi haina sauti kabisa. Katika ofisi moja nilikuwa kwenye kikao cha kupanga bajeti, na mama aliyekuwa akihudumia jengo lile aliingia kukusanya vikombe. Aliyekuwa akizungumza hakusita hata kidogo. Aliendelea kueleza kwamba idadi ya wafanya usafi ingeweza kupunguzwa hadi nusu kuanzia mwezi ujao, akataja zamu ambazo zingeondolewa, huku mama yule akinyoosha mkono kati ya karatasi zake kuchukua kikombe alichokunywea. Nilikiona kikombe kikitikisika juu ya sahani yake. Hapakuwa na mtu mkatili katika chumba kile. Msemaji hakukusudia kumwumiza, na nina hakika angekuwa ameingia mkuu wa idara nyingine ambaye jambo linamhusu, angenyamaza mara moja na kumkaribisha aketi. Mwenzetu mmoja ndiye aliyeinua mkono, akamtaja mama yule kwa jina lake, akasema kwamba jambo hili linamhusu yeye na wenzake, na kwamba si haki walisikie kwa njia hii kabla hawajaitwa na kuelezwa rasmi. Mjadala uliahirishwa. Yule aliyeinua mkono alikuwa peke yake, katika watu wote mezani, aliyelijua jina hilo.

Jambo la jina nalikazia kwa sababu huko ndiko kutoonekana kunakoanzia, na si bahati mbaya tu. Majengo makubwa yamejengwa yakiwa na milango ya nyuma na lifti za mizigo ambazo wahudumu wanatakiwa kupitia. Usafi hufanywa kabla ya wenye ofisi kufika au baada ya kuondoka. Mara nyingi wafanya usafi na walinzi hawaajiriwi na ofisi wanayoihudumia, bali na kampuni iliyoshinda zabuni, kwa hiyo hawamo kwenye orodha ya wafanyakazi, hawaalikwi kwenye sherehe ya mwisho wa mwaka, na zabuni ikimwendea mwingine hupotea siku moja bila mtu kuwaaga. Mtu anaweza kukaa kwenye dawati lake kwa miaka bila kuuona uso wa anayelipangusa. Anayeishi katika mpango wa namna hiyo hahitaji kuwa na roho mbaya ili asiwaone watu. Akiufuata tu jinsi ulivyo, hatawaona. Ndiyo maana nasema kumheshimu mtu wa kazi hizi kunataka juhudi kidogo, hatua chache nje ya njia uliyopangiwa.

Juhudi hiyo inaweza kuwa ndogo sana. Nilifanya kazi chini ya mhandisi mmoja ambaye, kila alipokuta ngazi au ukumbi unapigwa deki, alisimama mwisho wa pakavu na kumwuliza aliyeshika deki, "Nipite wapi?" Hakuwa na haraka ndogo kuliko sisi, wala hakuongeza neno. Aliyeulizwa alimwonyesha upande uliokauka, naye akapita huko, hata kama ulimzungusha. Wengi wetu tulikuwa na salamu nzuri kuliko yake, tena za bashasha, tukizitoa huku tunakanyaga palepale palipokuwa pamepigwa deki dakika hiyo. Swali lake lilikiri mambo mawili kwa pamoja: kwamba kazi inayofanyika pale ni kazi, na kwamba aliye na neno juu ya sakafu ile kwa wakati ule ni yule mwenye deki, awe mhandisi ana cheo gani. Baada ya muda nilisikia watu wengine ofisini wakiuliza vivyo hivyo, bila mtu kutoa waraka.

Kuna mambo yanayovaa sura ya heshima ambayo si heshima. Kutoa sadaka ni jambo jema, lakini mlinzi aliyekesha getini anahitaji kwanza mshahara wake ulipwe kwa tarehe waliyokubaliana, na anayemcheleweshea malipo kisha akampa nguo zake kuukuu amemdhulumu kwa mkono mmoja na kutaka shukrani kwa mkono wa pili. Sifa za kupita kiasi nazo hazisaidii. Kumwambia mzoa taka kwamba yeye ni shujaa, huku hana glavu wala buti, ni kumpa maneno mahali pa vifaa. Na kumchukulia mtu kama mtoto, kumchekea kwa kila jambo na kutomkosoa hata kazi inapoharibika, ni dharau nyingine ya upole, kwa sababu maana yake ni kwamba hukumtarajia aweze. Fundi akikosea, aelezwe kosa lake kwa sauti ileile ambayo ungemweleza wakili au mhasibu aliyekosea, faraghani, kwa hoja, na kwa kumpa nafasi ya kujibu. Nimewaona watu wanaowaandikia mameneja barua za staha wanapokuwa na malalamiko, na palepale wanamfokea mhudumu wa mapokezi kwa jambo ambalo hakuliamua yeye.

Tena mfanyakazi naye ana haki ya kutozungumza. Yuko mtu anayetaka kufagia kimya kimya akiwaza mambo yake, na kumlazimisha atusimulie maisha yake ili sisi tujione wema ni kumwongezea kazi ambayo halipwi. Salamu inatosha, na jibu fupi ni jibu kamili.

Palipo na giza kuliko pengine pote ni ndani ya nyumba zetu. Shirika la Kazi Duniani linakadiria kwamba wafanyakazi wa nyumbani ni zaidi ya milioni 75 ulimwenguni, na takriban robo tatu yao ni wanawake. Juni 2011 shirika hilo lilipitisha Mkataba Namba 189 unaowahusu, nao ukaanza kutumika Septemba 2013. Nilipousoma nilishangazwa na udogo wa mambo ambayo dunia nzima ililazimika kukutana na kuyaandika. Mfanyakazi anayeishi nyumbani kwa mwajiri hatalazimishwa kubaki humo wakati wa mapumziko yake. Atapata angalau saa 24 mfululizo za kupumzika kila wiki. Hati zake za kusafiria na vitambulisho vyake atakaa navyo mwenyewe. Atalipwa kwa vipindi vya kawaida, angalau mara moja kwa mwezi. Hakuna mwenye dawati ofisini ambaye angekubali kufanya kazi siku moja bila mambo hayo, na wengi wanaoyadai kazini kwao wanarudi jioni kwenye nyumba ambamo dada wa kazi hana siku yake hata moja katika wiki. Mtu huyo ndiye amelala karibu na watoto wetu, anajua ni yupi anaogopa giza na yupi hupata homa usiku, na bado wageni wakija anatajwa kwa kidole. Kama kuna mahali pa kuanzia, naona ni hapo, kabla ya kwenda kumsalimu mfagizi wa mtaani.

Watoto hutazama yote haya. Hawahitaji kufundishwa dharau kwa maneno, kwani wanaona nani anaombwa na nani anaamrishwa, nani anaambiwa asante na nani anapokonywa sahani mkononi bila neno. Lakini tunawafundisha kwa maneno pia. Mara ngapi tumesikia mzazi au mwalimu akimwonyesha mtoto mtu aliye kazini na kumwambia, "Usiposoma, utakuwa kama yule"? Yule husikia, kwa kuwa yuko hatua chache tu. Na darasani huwa hakuna uhakika kwamba miongoni mwa wanaoambiwa hayo hayumo mtoto ambaye sare na daftari zake zimenunuliwa kwa mshahara wa fagio, ambaye kuanzia saa hiyo atatafuta namna ya kuficha kazi ya mzazi wake. Mwenye kusema hivyo anataka mtoto apende shule, na badala yake anampa sababu ya kumwonea haya mtu anayemsomesha.

Sababu za kusoma ziko nyingi na hazihitaji kumtumia mtu kama kitisho. Ninapozungumza na watoto wa ndugu zangu nawaambia kwamba elimu itawapa uwezo wa kuchagua, wa kuelewa wanachosaini, wa kufurahia vitabu, na kwamba kazi nyingine zinalipa vibaya kwa sababu watu wazima wameziamulia malipo mabaya, jambo linaloweza kubadilishwa. Wakiuliza juu ya mtu wanayemwona akifanya kazi, nawaambia wakamwulize mwenyewe akiwa na nafasi, kwa adabu, wakianza na jina lake. Wengine hukubali kuwajibu, wengine huwaambia wana shughuli. Waliojibiwa hurudi na habari ambazo sikuwa nazo: kwa nini fagio la nje halitumiki ndani, jinsi mlinzi anavyouzuia usingizi saa tisa usiku, ni taka gani zinazokata mikono hata ndani ya glavu. Baada ya hapo huanza kufunga vioo vilivyovunjika kwenye karatasi kabla ya kuvitupa, na huwaambia na wakubwa nyumbani wafanye hivyo.